Jinsi ya kutaja vituo vya Arusha na Moshi mpaka konda akuelewe

Kama ndo unahamia Chuga, yaani Arusha, au unakuja kusalimia ndugu Moshi, jua kwamba vituo vingi vimeandikwa kizungu ila havitajwi kizungu, ukiving'ang'ania kama vilivyoandikwa konda atakuangalia tu na kifodi, yaani daladala, kitapitiliza.

Anza na Usa River, hapo wageni wengi wanachemka. Kwenye gari utakuta USA kwa herufi kubwa, usisome yu-esi-ei, hakuna Marekani pale, ni Usa, mkazo kwenye U, na hilo Riva wengi wala hawalitaji, utasikia tu "Tengeru Usa, Tengeru Usa" basi unapanda.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, jina likiishia na konsonanti lipe irabu mwishoni halafu mkazo uweke silabi ya pili kutoka mwisho, kama neno lolote la kiswahili. Philips ya barabara ya Moshi inakuwa Fi-LI-psi, sema "Filipsi shusha" mapema gari haijafika. Unga Limited ni Ungalimi-TE-di kwa pumzi moja, kampuni ya unga imeacha jina mpaka limekuwa la kata nzima. Friends Corner ni Frendsikona, Clock Tower ni Kloktawa, ukisema Mnara wa Saa pia unafika.

Na jamani msiwasahihishe makonda, mi hiyo inaniuma kweli, mtu katoka zake mbali anamfundisha mwenyeji jina la kituo chake! Hayo majina yamekaa midomoni mwa watu wa hapa miaka mingi, ni ya kwetu na hivyo ndo yanavyotamkwa.

Moshi kuna Shanty Town, taja Shantitauni, na usiende na maana ya kizungu kichwani ukategemea vibanda maana ule ni mtaa wa nyumba kubwa na miti mirefu, wenye uwezo ndo wanakaa huko. Soweto haina shida, isome ilivyo.

Vifupisho sasa, herufi zake zinatajwa kizungu ila kwa ulimi wetu: hospitali ya KCMC ni kesiemsi, TPC, kiwanda cha sukari kule kwenye miwa, ni tipisi, AICC, jengo la mikutano la Arusha, ni ei-ai-si-si. KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ndo imejitenga, inasomwa kama neno, Kia, na kwenye basi la Arusha Moshi sema "njia panda ya Kia" kwasababu uwanja wenyewe uko ndani, kutoka barabara kuu utafute boda.

Majina ya barabara ni kesi nyingine. Hata ukiitamka Colonel Middleton vizuri namna gani, boda atakuuliza "karibu na nini?", kwahiyo kabla hujatoka muulize mwenyeji wako jengo, shule, msikiti au kanisa lililo jirani na hilo ndo umtajie.