Video darasani bila kulia na bando
Mwalimu mwenzangu, usije ukafungua video moja kwa moja mtandaoni mbele ya wanafunzi 60, neti ikigoma utaumbuka, mi yalinikuta hapa Moshi nikabaki nimeshika chaki tu. Ingia tovuti ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, yenye majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, ni bure, lile jaribio la sakiti ya umeme unalishusha usiku kwa bando la bei chee, unatupia kwenye flashi, linafunguka kwenye brauza hata bila intaneti. Video nayo ishushe mapema, uicheze kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, dakika 3 zinatosha, ila isimamishe kabla jibu halijatokea uwaulize taa itawaka au haiwaki, waache wabishane kwanza. Spika usisahau aisee, sauti ya laptop haifiki benchi la nyuma. Na chaji full, umeme wetu unaujua.