Somo: Kuunda fremu ya pikipiki ya stima, anza na sanduku la betri sio na bomba

Sasa wasee. Mmeniuliza sana kuhusu hiyo pikipiki ya stima naendesha hapa Kariobangi, Nairobi, ile mota yake iko katikati na inavuta gurudumu la nyuma kwa cheni, kwa hivyo leo nimekaa niandike yote mara moja niache kurudia rudia. Hii ni fremu yangu ya pili. Ya kwanza iko nyuma ya nyumba mama watoto anaanikia nguo, sababu mtaiona huko chini.

Kabla hujawasha grinda elewa hivi, fremu ina kazi moja kubwa, kushika kichwa cha stelingi huku mbele na pale swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) inazungukia huku nyuma, hizo sehemu mbili zisipindane hata ukiingia shimo na abiria. Kiti, kerea, taa, hizo zote zinaning'inia tu. Na kwa pikipiki nyingi ndogo injini imefungwa na boliti ikawa kama mfupa wa fremu, ukiitoa umetoa mfupa. Betri sio mfupa. Fremu ndio ibebe sanduku la betri, sio sanduku libebe fremu, hapo ndio wengi wanaharibu.

Hatua ya 1: betri

Jua betri yako kwanza ata kama hujainunua. Yangu ni seli 24 za LFP (aina ya betri ya lithiamu), kila moja volti 3.2, zikipangwa mfululizo ni volti 76.8, na ampea-saa 50, ukizidisha unapata wati-saa 3,840. Nikipiga hesabu ya wati-saa 40 kwa kilomita na nisikaushe betri, niache akiba asilimia 20, napata kilomita 75 hivi. Pamoja na sanduku, nyaya na BMS (saketi inayolinda betri) ilikuwa kilo 38 kwa mizani ya jamaa wa chuma chakavu. Linganisha na petroli lita 10 ambayo ni kama kilo 7 na nusu, alafu petroli inapungua ukiendesha, uzito wa betri haupungui.

Sasa tengeneza sanduku la katoni, saizi ile ile kabisa, ongeza milimita 10 kila upande ya raba na ya mkono wako kuingia. Hiyo katoni ndio utaishi nayo mpaka mwisho wa kuchomelea, betri yenyewe isikaribie karakana cheche zikiruka. Iwekwe chini na katikati, lakini sio chini sana, mabampa ya huku mtaani mnayajua, mimi niliacha milimita 170 kutoka ardhini.

Hatua ya 2: chora saizi kamili

Sina kompyuta ya kuchora, nilitumia plaiwudi na chaki. Chora magurudumu mawili, weka katoni, chora mstari wa stelingi. Pembe ya stelingi kutoka wima nilichukua digrii 26. Hapa kuna hesabu msiruke: mstari wa stelingi ukiushusha mpaka barabarani lazima uguse mbele ya pale tairi linagusa, na huo umbali ndio unafanya pikipiki ijinyooshe yenyewe. Chukua nusu kipenyo ya gurudumu (yangu na tairi ni milimita 290), zidisha na sine ya pembe, toa umbali ambao ekseli iko mbele ya mstari wa stelingi (yangu 40), gawanya na cosine ya pembe. Nilipata kama milimita 97. Kati ya 90 na 110 uko sawa kwa kazi ya boda. Ikiwa ndogo sana stelingi inacheza ukishika mwendo, kubwa sana inakuwa nzito ukipenyapenya kwa jam.

Hatua ya 3: chuma

Mgongo na bomba la mbele ni bomba la duara la milimita 38, unene 2. Za chini za kubeba betri ni skwea tyubu 25 kwa 25, geji 14, hiyo ni kama milimita 2. Urefu mmoja wa mita 6 wa hiyo ya 38 ni karibu kilo 10.7, kwa hivyo ukipima ukute ni kilo 8 ujue umeuziwa nyembamba. Beba vernia (kipimo cha unene) dukani, usione haya, mimi niliwahi kuuziwa geji 16 kwa bei ya 14 na nikaijua tu ilipotoboka nikichomelea.

Bomba la maji lile lenye zinki achana nalo. Ukilichomelea ule moshi mweupe utakupa homa usiku, na ile maziwa mafundi wanakunywa haisaidii kitu, kaa tu upande upepo unatoka.

Kichwa cha stelingi kila mtu anataka kukikata kwa fremu kuukuu ya soko la Gikomba. Rahisi kweli, viti vya beringi viko tayari, lakini namba ya fremu kawaida inachongwa hapo hapo. Sasa umebeba namba ya mtu usiyemjua, polisi akikusimamisha utaeleza nini? Mimi nilienda kwa fundi wa lethi (mashine ya kuchonga chuma) akanichongea kipya, foko (miguu ya kushika gurudumu la mbele) nikanunua na risiti.

Hatua ya 4: jigi

Usichomelee hewani, tumia jigi, yaani kifaa cha kushika vipande mahali pake unapochomelea. Chukua chaneli nzito iliyonyooka, ulaze kwa benchi, simamisha vishikio viwili, kimoja cha kichwa cha stelingi na kingine cha rodi ya swingamu. Hiyo rodi na mstari wa stelingi ukiangalia kutoka mbele lazima zikutane kwa digrii 90. Pima maji, timazi, alafu uzi. Nilimaliza siku mbili kwa jigi na saa nne kuchomelea, na hivyo ndio inafaa kuwa.

Hatua ya 5: kuchomelea

Ncha za bomba zichonge kama mdomo wa samaki zikae bila mwanya, ukiona mwanya wa kupitisha ukucha chonga tena, usijaze na rodi ya kuchomelea. Piga nukta nukta kote kwanza, pima tena, alafu chomelea kidogo huku kidogo kule, kushoto alafu kulia, chuma kikipata moto upande mmoja kinavuta. Ndani ya kichwa cha stelingi weka kipande kizito kilichochongwa ili viti vya beringi visibonyee. Na tafadhali usimwagie maji ndio ipoe haraka upake rangi.

Sasa ile ya kwanza. Kwenye kona ya mgongo na kichwa nilikuwa nimeweka pembetatu ya bati nene, nikaichomelea vizuri sana, nikamalizia na mstari unaokata bomba kwa upana. Ilikuwa inapendeza. Miezi mitatu baadaye naosha pikipiki naona kamstari kembamba rangi ya chai kwa rangi nyeusi, pale pale pembetatu inaishia. Nikafuta na kitambaa. Baada ya siku mbili kamerudi. Nikakwangua rangi, nikapaka mafuta ya taa, nikapangusa kukauka, nikapaka unga wa chaki, nikangoja kama dakika kumi. Chaki ikaanza kulowa yenyewe, mstari mrefu kama kidole gumba, umezunguka karibu nusu ya bomba. Na jana yake nilikuwa nimebeba mtu na gunia la mahindi la kilo 90.

Kosa langu ni pale pembetatu ilipoishia, ghafla, bomba linatoka kuwa gumu sana kuwa laini kwa milimita moja, na welding iko hapo hapo. Ni kama ile karatasi unakata na makasi kidogo ndio iraruke vizuri. Ya pili nimeweka bati mbili za pembeni, ncha zake nyembamba kama ulimi, na welding inakimbia kwa urefu wa bomba, haivuki upana.

Hatua ya 6: jaribu kabla ya mota

Funga magurudumu na shoki, pakia mifuko minne ya simiti kwa kiti, hiyo ni kilo 200, tikisa tikisa, acha usiku mzima. Pima kutoka kichwa cha stelingi mpaka rodi ya swingamu kabla na baada. Isiporudi namba ile ile, fremu imekubali kupinda. Yangu ilirudi. Alafu rudia ile ya chaki baada ya kilomita 100, na 500.

MASWALI

Dere wa Umoja: Fundi, mimi niko na Boxer yangu injini imekufa, si naweza kutoa injini tu niweke betri?

Unaweza, na kwa mtu wa kwanza ni afadhali kuliko kuunda mpya, namba ya fremu inabaki na logibuku yako. Lakini tengeneza kitanda cha chuma kinachofunga kwa boliti zile zile za injini, zote, ndio kirudishe ule mfupa. Na pitia NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwanza maana habari za injini kwa logibuku hazitalingana tena.

Shiku: Kwa nini sio alumini? Ni nyepesi.

Dada, alumini ukiichomelea pale kando ya kiungo inalegea, inataka TIG (welding ya umeme na gesi) na kupikwa tena kwa tanuri ndio irudishe nguvu. Tanuri hiyo mimi sina.

Babu wa Likoni: Kaka shukrani, ila huku kwetu chumvi yala chuma hadi ndani. Wafanyaje?

Mzee wangu, ziba bomba zote kabisa kwa welding hewa isiingie, au uache tundu dogo pale chini kabisa maji yatoke na umwage mafuta mazito ndani. Nusu nusu ndio mbaya. Sanduku la betri pia, nyaya ziingie kutoka chini.

Kevo: Jumla ni ngapi?

Fremu ni pesa kidogo, betri ndio itakulilisha. Bei ya chuma siandiki, ikipanda wiki ijayo mtanitukana.

Fundi wa Dandora: Sikubaliani na hii mambo yako ya mota ya kati na cheni. Mota ya gurudumuni, ile inakaa ndani ya gurudumu lenyewe, haina cheni, haina grisi, mimi natumia mwaka wa pili.

Sawa bosi, kwa barabara ya lami sina neno. Mimi spoku zilinikatika mara tatu, uzito wote umekaa kwa gurudumu na shoki haiwezi kuusaidia. Lakini umenikumbusha kitu nilisahau kuandika: anayeweka ya gurudumuni asitegemee nati peke yake, aweke mkono wa chuma unaoshika ekseli na kufungwa kwa swingamu, la sivyo ekseli itazunguka ikate nyaya. Wewe uliweka pande zote mbili ama moja?

Fundi wa Dandora: Moja. Ngoja niende nikaangalie.