Kufunga taimingi cheni na sproketi ya kamshafti kwenye pikipiki

Dogo mmoja kaniletea Boxer aliyoifunga mwenyewe. Ringi mpya, vali zimesagwa vizuri, lakini ukipiga kiki inarudisha mguu na kabureta inakohoa. Kosa: sproketi (gia yenye meno inayovaa cheni) ilifungwa ikiwa imehama jino moja tu. Maelezo haya yanahusu injini za silinda moja zenye kamshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua vali) kwenye hedi (kichwa cha silinda), inayozungushwa na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kupitia taimingi cheni, kama Boxer na TVS. Kama yako ni ya aina ya CG125, usitafute cheni humo: kamshafti yake iko chini na vali zinasukumwa kwa vijiti.

Hatua ya 1: Vipuri. Nunua cheni, sproketi na reli za cheni (vipande vinavyoiongoza) kwa pamoja. Mteja akilalamikia bei, mwonyeshe meno ya sproketi ya zamani yalivyochongoka. Cheni iliyotumika mimi siifungi, hata iwe ya bure.

Hatua ya 2: Silinda na hedi. Funga kama kawaida. Cheni ishikilie kwa waya isidondokee ndani.

Hatua ya 3: Alama. Hapa ndipo watu wanapokesha. Fungua vifuniko viwili vya kasha la magneti (gurudumu la sumaku kwenye ncha ya kranki): cha kati unazungushia nati, cha juu unachungulia alama. Zungusha kinyume na saa huku mkono mwingine ukiivuta cheni juu. Ikilegea inajikunja na kukwama kwenye sproketi ya chini.

Utaona F kwanza, halafu T. F ni ya moto wa plagi. Unayoitaka ni T, pale pistoni inapokuwa juu kabisa. Ukisimama kwenye F, sproketi itaingia na alama zitaonekana kama zinakaribiana, kumbe umeshapotea. Futa oili kwenye magneti, washa tochi, hakikisha mstari wa T umelingana na alama ya kasha.

Wengi hapa wanaanza kutafuta kompresheni, wanaziba tundu la plagi kwa kidole. Sproketi ikiwa bado iko mezani, kazi hiyo ni bure: kamshafti ndiyo inayoamua mzunguko upi uwe wa kompresheni. Wewe weka T, kisha geuza kamshafti hadi nundu zake zitazame chini na roka zote mbili (mikono inayosukuma vali) zicheze kidogo ukizitikisa.

Sasa vesha cheni kwenye sproketi. Vuta kwanza upande wa mbele, ule wa silensa, uwe umekaza kabisa. Ulegevu wote ubaki nyuma, kwenye tenshona (kifaa kinachokaza cheni). Mistari ya sproketi ilale sambamba na uso wa hedi. Ulegevu ukibaki mbele, alama zitakudanganya: zitakaa sawa sasa, kisha tenshona ikisukuma zinahama. Kwa hiyo ingiza kidole au bisibisi butu kwenye tundu la tenshona, sukuma reli, halafu tazama tena T na mistari kwa pamoja. Usiseme "imekaribia". Kwa sproketi ya meno 34, jino moja ni zaidi ya digrii 10 za kamshafti, yaani zaidi ya 20 za kranki.

Hatua ya 4: Bolti. Ziba tundu la cheni kwa kitambaa kabla hujashika bolti yoyote ya sproketi. Tia gundi ya bolti tone moja, kaza kwa mkono. Spana ya upepo kaa nayo mbali; bolti za M6 kwa kawaida zinataka takriban Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na nyuzi za aluminiamu hazisamehe.

Hatua ya 5: Tenshona. Irudishe ndani kabisa kabla ya kuifunga. Ya skrubu, ishikilie kwa bisibisi ndogo hadi bolti zake mbili zikaze, ndipo uiachie. Gasketi ya karatasi. Silikoni ikizidi inamenyeka na kuzurura na oili.

Hatua ya 6: Zungusha kwa mkono. Plagi ikiwa nje, zungusha kranki raundi mbili kamili kwa spana, taratibu. Ikigoma, usilazimishe: vali inagusa pistoni, rudi hatua ya 3. Ikipita, alama zote zirudi palepale. Raundi moja haitoshi, kwa sababu kamshafti inazunguka nusu ya kranki.

Rekebisha tapeti (nafasi kati ya roka na vali) injini ikiwa baridi, tia oili, piga kiki. Cheni ikiendelea kulia injini ikishapata moto, fungua tenshona kwanza uangalie kama inasukuma.