Njia ya Msalaba ukiwa mwenyewe nyumbani, anza hivi

Kwaresima hii kama Ijumaa huwezi kuwahi kanisani usijilaumu, hata chumbani kwako unaweza kusali Njia ya Msalaba vizuri tu, yani ile sala ya kufuata mateso ya Yesu hatua kwa hatua mpaka kufa na kuzikwa. Simu weka sailenti kwanza, au bora uiache chumba kingine kabisa maana ukiiona tu utaishika. Washa mshumaa, weka msalaba mbele yako, afu piga magoti.

Vituo, yani hatua za mateso hayo, viko 14, kila kimoja unaanza na "Ee Yesu, tunakuabudu, tunakushukuru", unataja kituo, unanyamaza kidogo, unasali Baba Yetu na Salamu Maria, unasimama unaenda kinachofuata. Usikimbie jamani! Ukiwa na nusu saa tu, mi naona bora usali vituo vitano kwa moyo kuliko 14 mbio mbio.

Cha 3, cha 7 na cha 9 Yesu anaanguka, na hapo ndo mi hukaa sana, kwa sababu anaanguka mara tatu na mara zote anainuka, yani pale magoti yako yakiwa sakafuni taja ile dhambi unayoirudia kila siku, itaje kwa jina lake, usizunguke. Cha 5, Simoni wa Kirene anamsaidia Yesu kubeba msalaba, hapo mfikirie mtu mmoja aliyeelemewa, na kesho yake umtafute umsaidie.

Cha 12 Yesu anakufa. Hapo usiseme kitu, kaa kimya tu mpaka utakapokuwa tayari kusimama.