Jeli au mafuta mazito? Tengeneza kinachofaa nywele zako za kujikunja

Wateja wengi huja na namba mdomoni: "Mimi ni 4C, nipe cha 4C." Namba hizo zilitokana na mfumo ulioenezwa miaka ya 1990 na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, nazo huonyesha umbo la mkunjo tu: 3A ni mapindo makubwa yaliyolegea, 4C ni kipilipili kilichobana. Hazikwambii unywele una unene gani wala unapitisha maji vipi, na hayo mawili ndiyo yanayoamua utie nini kwenye sufuria.

Hatua ya 1: Pima nywele zako

Osha kwa shampuu, usipake chochote, ziache zikauke. Sokota unywele mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Usipouhisi, ni mwembamba. Ukiuhisi wazi, ni mnene. Kisha pulizia maji kidogo. Matone yakikaa juu yakateleza, nywele zako hazipitishi maji kirahisi. Yakizama papo hapo, zinapitisha mno. Hilo ni la kawaida kwa nywele zilizotiwa rangi au dawa, au zilizozoea pasi. Lile jaribio la kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji achana nalo, maana wenye mafuta utaelea tu, uwe wa aina yoyote.

Nyembamba, au zisizopitisha maji: jeli. Nene na zinazokunywa maji haraka: mafuta mazito. Utosi na kisogo vikitofautiana, na mara nyingi hutofautiana, tengeneza vyote viwili.

Hatua ya 2: Jeli ya mbegu za kitani

Robo kikombe cha mbegu, vikombe viwili vya maji. Bandika moto wa wastani, koroga bila kuacha kwa dakika 7 hadi 10, mpaka maji yavutike kama ute wa yai. Epua mapema kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu ikipoa inazidi kuwa nzito. Chuja ikingali ya moto kwa stokingi safi ya nailoni. Ukingoja ipoe haipiti. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha gliserini, koroga, weka kwenye friji. Itumie ndani ya wiki moja, na ikibadilika harufu imwage.

Paka nywele zikiwa zimelowa chapachapa, fungu kwa fungu, kisha usiziguse mpaka zikauke.

Hatua ya 3: Mafuta mazito

Kwa gramu 200, pima kwa mzani: siagi ya shea 140, mafuta ya nazi 30, mafuta ya nyonyo 20, nta ya nyuki 10. Ukipata shea ya kaskazini mwa Uganda, ujue ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, hivyo nta usiipunguze.

Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole. Anza na nta pamoja na nyonyo, kwa sababu nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi na shea haihitaji joto lote hilo. Nta ikiisha kuyeyuka, tia nazi, shea mwishoni, na uepue mara shea inapoyeyuka.

Hapa ndipo wengi huharibu. Shea ikiachwa ipoe yenyewe taratibu hufanya chembechembe zinazokwaruza viganja. Kalisha bakuli kwenye maji ya barafu, ukoroge huku ukikwangua kingo, mpaka mchanganyiko uwe mzito na usione tena chini ya bakuli. Ikiwa umepata chembe tayari, yeyusha upya. Harufu si lazima. Ukiitaka, tia mafuta ya mchaichai yasiyozidi gramu 1 bakuli likiwa vuguvugu.

Unaweza kuyapiga kwa mashine ya keki yakafura vizuri. Mimi kwa joto la Dar es Salaam la Februari sihangaiki: mkebe ukikaa kwenye daladala mchana mmoja, povu lote linashuka na mteja anadhani umempunja. Njombe au Arusha wakati wa baridi, piga tu.

Usiongeze maji wala shubiri mbichi humu. Mafuta hayaozi kama maji, lakini ukichanganya maji bila kihifadhi, ukungu utaota kabla mkebe haujafika nusu. Lowesha nywele kwanza, ndipo upake mafuta kidogo juu ili kuyafungia maji. Usipake kwenye ngozi ya kichwa yenye mba.

Hatua ya 4: Rekebisha

Nywele zikilala na kung'aa mafuta, punguza shea hadi 110 na uongeze nazi hadi 60. Zikikauka kesho yake, ongeza maji kabla hujaongeza mafuta. Jeli ikifanya vumbi jeupe, uliipaka juu ya kitu kingine. Ijaribu peke yake.

Kabla ya kumpa mtu, mpake kidogo ndani ya kiwiko asubiri saa 24. Na ukitaka kuuza Tanzania, vipodozi vinasimamiwa na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019. Jeli hiyo bila kihifadhi usiifikishe dukani.