Usiandike jina la adapta tu, andika namba yake

Nyaraka za draiva za Wi-Fi kwenye Linux huanza kuharibika kwenye jedwali la vifaa, kwa sababu watu hunakili jina lililo kwenye boksi. Jina halitoshi hata kidogo. Chukua TL-WN722N, adapta ya USB ya TP-Link: toleo la 1 lina chipu ya Atheros AR9271, namba ya utambulisho (mtengenezaji:kifaa) 0cf3:9271, na hutumia draiva ya ath9k_htc. Toleo la 2 ni Realtek RTL8188EUS, namba 2357:010c, draiva tofauti kabisa. Anayesoma "TL-WN722N inafanya kazi" anaweza kununua isiyomfaa, na hela ndiyo imeshakwenda.

Chomeka kifaa, endesha amri ya lsusb (lspci -nn kama ni kadi ya ndani), nakili namba hiyo kama ilivyo. Faili la fimwea (programu inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe) usilikisie: modinfo -F firmware ath9k_htc inataja majina ambayo draiva huyaomba, na mara nyingi dmesg, yaani kumbukumbu za keneli (kiini cha Linux), huonyesha lililopakiwa kweli. Kama unadai adapta inaweza kuwa AP (kituo cha Wi-Fi ambacho vifaa vingine huunganishwa nacho), hakikisha kwa amri ya iw list.

Kila dai liwe na toleo la keneli kando yake, lile la uname -r. "Haifanyi kazi" isiyo na toleo ipimwe upya au ifutwe, maana draiva huongezwa na kuondolewa.