Televisheni Haifungui Folda ya Filamu Iliyo kwenye Kompyuta: Namna ya Kutafuta Kosa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu aliyehifadhi filamu, nyimbo au picha za familia kwenye kompyuta ya Windows 10 au Windows 11 na anayetaka kuzitazama sebuleni kupitia boksi la Android lenye programu ya Kodi, lakini kila anapojaribu anakutana na orodha tupu au ujumbe usiomwelekeza popote, kama vile "Operation not permitted" au "Invalid argument". Kwa nyumba nyingi za kwetu mpangilio huu una faida kubwa, kwa sababu filamu iliyopakuliwa mara moja hutazamwa na nyumba nzima bila kugusa bando, na inafaa kabisa kuupigania mpaka ufanye kazi.

Ushauri unaotolewa haraka ni kufungua kila kitu: zima kizuizi cha Windows (Firewall), ruhusu kila mtu kufuta na kuandika, rudisha SMB toleo la 1. Ninaupinga ushauri huo kwa dhati. SMB ndiyo itifaki ambayo Windows hutumia kushirikisha folda, na toleo lake la kwanza ni la miaka ya 1980. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia udhaifu uliokuwamo katika toleo hilo, kikafunga faili za watu na za hospitali na kudai malipo. Kuanzia Windows 10 toleo la 1709, lililotoka Oktoba 2017, Microsoft iliacha kulisakinisha kwa kawaida. Anayelirudisha ili atazame filamu anaweka rehani nyaraka zote zilizo kwenye kompyuta hiyo, na mara nyingi kosa halikuwa hapo kabisa.

Muunganisho huu unahitaji mambo manne yafuatane: folda iwe imeshirikishwa, njia ya mtandao iwepo, jina na nywila vikubaliwe, na ruhusa ya kusoma iwe imetolewa. Yakaguliwe kwa utaratibu, ukianzia kwenye kompyuta na kumalizia kwenye televisheni, na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, kwani hutajua kipi kilichotibu.

Hatua ya 1: Hakikisha folda imeshirikishwa kweli

Fungua Command Prompt, yaani dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, kisha andika:

net share

Orodha itakayotokea itakuwa na majina kama C$, ADMIN$ na IPC$, ambayo Windows huyaweka yenyewe, na chini yake yatakuwapo majina ya folda ulizoshirikisha wewe. Soma jina la folda yako jinsi lilivyoandikwa hapo, kwa sababu jina la kushirikisha linaweza kutofautiana na jina la folda unalolijua. Folda iliyopo D:\Burudani\Filamu inaweza kuwa imeshirikishwa kwa jina la Filamu tu, na Kodi inahitaji hilo la pili.

Ikiwa filamu ziko kwenye diski ya nje, angalia herufi yake. Diski iliyokuwa E: ikichomolewa na kurudishwa baada ya flashi nyingine kuchomekwa, inaweza kupewa herufi F:, na folda iliyoshirikishwa kwa njia ya E: haitapatikana tena. Fungua Disk Management na uipe diski hiyo herufi ya mbali, mfano M:, kisha ishirikishe upya.

Hatua ya 2: Tengeneza akaunti ya televisheni peke yake

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama, na sababu inaeleweka. Mtu huingia kwenye kompyuta yake kila siku kwa PIN ya tarakimu nne, kisha anaiandika PIN hiyo kwenye Kodi. PIN hufanya kazi kwenye kompyuta hiyo tu na haipokelewi kupitia mtandao. Mwingine ana akaunti isiyo na nywila kabisa, na Windows kwa kawaida haikubali akaunti ya namna hiyo kuingia kutoka mbali. Wa tatu anatumia akaunti ya Microsoft na anaandika jina linaloonekana kwenye skrini, wakati kinachotakiwa ni barua pepe nzima.

Njia safi ni kutengeneza akaunti ya ndani ya kompyuta ambayo kazi yake ni kusoma filamu tu:

net user tvsebule * /add

Utaombwa nywila mara mbili. Tumia herufi na tarakimu pekee, kwani alama kama @, : na / zina maana maalumu ndani ya anwani ya SMB na zinaweza kuivuruga. Baada ya hapo toa ruhusa, ukibadilisha njia ya folda ilingane na yako:

net share Filamu=D:\Filamu /grant:tvsebule,READ
icacls D:\Filamu /grant tvsebule:(OI)(CI)RX

Amri hizi mbili hazifanyi kazi moja. Ya kwanza inaweka ruhusa ya kuifikia folda kupitia mtandao, na ya pili inaweka ruhusa juu ya faili zenyewe ndani ya diski yenye NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows wa kupanga faili. Windows huzipima zote mbili na kufuata iliyo kali zaidi, ndiyo maana mtu anaweza kuruhusu kila kitu upande mmoja na bado akakataliwa. Kama jina la Filamu limekwisha kutumika, ondoa kwanza ushirikishaji wa zamani kwa net share Filamu /delete. Amri hiyo haigusi faili zako. Diski yenye mfumo wa exFAT haina ruhusa za aina ya pili, kwa hiyo huko amri ya icacls haihitajiki.

Kuna jambo moja la kumalizia papo hapo. Nywila ya akaunti iliyotengenezwa kwa njia hii huisha muda wake baada ya siku 42, na siku hiyo televisheni itagoma bila mtu yeyote kugusa chochote. Fungua PowerShell kama msimamizi, uandike:

Set-LocalUser -Name tvsebule -PasswordNeverExpires $true

Hatua ya 3: Jaribu kuingia, na usome namba ya kosa

Kabla ya kurudi sebuleni, tafuta anwani ya kompyuta kwa amri ya ipconfig. Tuseme ni 192.168.1.20. Ikiwa nyumbani kuna kompyuta nyingine, fanya jaribio kutoka huko. Kama haipo, lifanye kwenye hiyo hiyo:

net use \\192.168.1.20\Filamu /user:tvsebule *

Kodi hukupa maneno ya jumla, lakini Windows hukupa namba, na namba hizo zinatosha kukuelekeza. Kosa namba 53 lina maana kwamba kompyuta haikufikiwa kabisa, kwa hiyo tatizo liko kwenye njia na nywila haihusiki. Kosa namba 67 lina maana kwamba kompyuta imefikiwa lakini hakuna folda yenye jina hilo. Rudi hatua ya 1. Kosa namba 1326 ni la jina au nywila. Kosa namba 5 linasema kuwa umetambuliwa vizuri lakini hukupewa ruhusa, na hapo unarudi kwenye zile amri mbili za ruhusa. Kosa namba 1219 linatokea pale kompyuta unayojaribia inapokuwa tayari imeunganishwa na ile nyingine kwa jina tofauti. Kata muunganisho wa zamani kisha urudie.

Jaribio lililofanywa ndani ya kompyuta yenyewe linathibitisha jina, nywila na ruhusa, lakini halipiti kwenye kizuizi cha Windows wala kwenye rauta. Likifaulu, bado njia haijathibitishwa.

Hatua ya 4: Kagua njia kati ya kompyuta na televisheni

Fungua mipangilio ya mtandao kwenye boksi na usome anwani yake. Ikiwa kompyuta ni 192.168.1.20 na boksi ni 192.168.1.35, viko kwenye mtandao mmoja. Ikiwa boksi linaonyesha 192.168.100.12, una rauta mbili: mara nyingi ya kampuni ya intaneti mlangoni, na nyingine uliyoinunua mwenyewe ili Wi-Fi ifike vyumbani. Rauta ya pili ikiachwa kama ilivyotoka dukani hutengeneza mtandao wake, na kifaa kilicho upande wa kwanza hakiwezi kuifikia kompyuta iliyo nyuma yake, ingawa vyote vina intaneti nzuri. Ingia kwenye mipangilio ya rauta hiyo ya pili na uibadilishe ifanye kazi ya kusambaza Wi-Fi tu, yaani "Access Point", au uhamishe vifaa vyote viwili kwenye Wi-Fi moja. Anwani inayoanza na 169.254 ina maana kwamba kifaa hakikupewa anwani na rauta kabisa; washa upya vyote viwili.

Angalia pia kama boksi limeunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni. Mtandao wa wageni huwekwa makusudi ili vifaa vyake visionane na vya ndani.

Kisha rudi kwenye kompyuta. Katika mipangilio ya mtandao, Windows huuliza kama mtandao ni wa umma au wa binafsi. Ukiwa wa umma, kizuizi cha Windows hufunga ushirikishaji wa faili. Chagua "Private network" kwa Wi-Fi ya nyumbani pekee, kamwe si kwa ile ya hotelini au ya mgahawani, halafu uhakikishe "File and printer sharing" imewashwa kwa mitandao ya binafsi. Ikiwa umesakinisha programu ya kuzuia virusi kutoka kampuni nyingine, huenda ina kizuizi chake, nacho kinahitaji ruhusa hiyo hiyo kwa poti 445, mlango wa mtandao ambao SMB hupitia. Hakuna haja ya kuizima.

Ili kuthibitisha, tumia simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. Programu ya VLC ya Android inaweza kufungua folda za SMB. Ipe anwani ya kompyuta, pamoja na jina na nywila ya tvsebule. Simu ikifungua filamu na boksi likashindwa, kompyuta na rauta zako ni salama, na kosa limebaki ndani ya boksi.

Hatua ya 5: Weka anwani kwenye Kodi kwa mkono

Usitegemee orodha ya kompyuta inayotakiwa kujitokeza yenyewe. Utaratibu wa zamani wa kuorodhesha kompyuta za mtandao ulitegemea SMB toleo la 1, kwa hiyo orodha kuwa tupu si ushahidi kwamba folda haifikiki. Unapoongeza chanzo cha video, chagua "Add network location", kisha "Windows network (SMB)". Katika jina la seva andika 192.168.1.20, katika folda andika Filamu, na ujaze jina la tvsebule na nywila yake. Anwani itakayotokea itasomeka smb://192.168.1.20/Filamu, na ni muhimu herufi zifanane na ulizoziona hatua ya 1.

Kuanzia Kodi 18 unaweza kuchagua matoleo ya SMB. Nenda kwenye mipangilio ya huduma, sehemu ya "SMB client", uweke toleo la chini kabisa kuwa SMBv2 na la juu kabisa kuwa SMBv3. Usipoliona chaguo hilo, panua kiwango cha mipangilio mpaka "Expert". Baada ya mabadiliko, funga Kodi kabisa na uifungue upya.

Waliokuwa wakiingia kama mgeni asiye na nywila wanaweza kukuta mambo yamekatika baada ya kusasisha Windows 11 kufikia 24H2, toleo la Oktoba 2024. Katika Pro, Enterprise na Education toleo hilo linadai mawasiliano ya SMB yatiwe saini ya kidijitali inayothibitisha mtumaji, na mgeni asiye na nywila hawezi kutia saini hiyo. Akaunti ya hatua ya 2 inalimaliza suala hilo bila kupunguza ulinzi.

Hatua ya 6: Iulize kompyuta imemkataa nani

Likibaki fumbo, fungua Event Viewer na ufuate Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, SMBServer, kisha Security. Jaribu kufungua folda kutoka kwenye boksi na utazame kama kuna tukio jipya namba 551. Ndani yake utasoma anwani ya kifaa, jina lililotumika na sababu ya kukataliwa. Ukikuta jina la zamani ulilolifuta mwezi uliopita, Kodi bado inatuma taarifa zilizohifadhiwa. Futa chanzo hicho na ukiongeze upya. Kutokuwepo kwa tukio lolote kunaashiria kwamba ombi halikufika kwenye kompyuta, na kazi inarudi hatua ya 4.

Ilipofanya kazi jana na leo imegoma

Umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kuipa kompyuta anwani nyingine, na Kodi itaendelea kuitafuta 192.168.1.20 ambayo haipo. Ingia kwenye rauta na uitengee kompyuta anwani ya kudumu katika sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani kwa vifaa. Kompyuta ikilala nayo hupotea mtandaoni. Amri hii inaizuia isilale inapokuwa kwenye umeme:

powercfg /change standby-timeout-ac 0

Folda ikifunguka lakini picha ikawa inakwama, kosa si la kushirikisha tena. Hamisha boksi kwenye Wi-Fi ya 5 GHz au utumie kebo, ila kwa filamu za 4K kumbuka kwamba televisheni nyingi zina tundu la kebo la megabiti 100 kwa sekunde, wakati nakala ya diski ya 4K inaweza kufikia megabiti 128 katika sehemu nzito. Kwa faili kama hizo Wi-Fi ya 5 GHz iliyo karibu na rauta huwa na kasi kuliko kebo hiyo.